Majengo Yenye Hisi na Mwendo, na Hali ya Mwambao wa Uvira

Mhadhara uliotolewa mjini Uvira, kando ya Ziwa Tanganyika, mbele ya wanafunzi wa ujenzi, mafundi na wazee wa mitaa



Tangu zama za kale jengo limehesabiwa kuwa ndicho kitu kilichotulia kuliko vyote avifanyavyo mwanadamu: chombo huenda majini, nguo huvaliwa ikavuliwa, lakini ukuta ukishasimama hukabili jua na mvua pale pale uliposimamishwa, na mwenye nyumba ndiye ahamaye akifuata kivuli. Wazo la kwamba ukuta nao waweza kuhisi joto, au mwanga, au upepo, au maji, kisha ukageuka kwa mujibu wa kile ulichokihisi, si la zamani katika ilimu ya ujenzi, ijapokuwa asili ya ufundi wake, kama nitakavyoonyesha baadaye, ni ya kale mno na imeandikwa katika vitabu vya Kiarabu karne nyingi kabla ya viwanda vya Ulaya.

Jengo la namna hii huhitaji viungo vitatu. Cha kwanza ni kihisi, yaani kifaa kinachopokea habari za dunia na kuzigeuza kuwa umeme. Cha pili ni kompyuta ndogo inayoipima habari ile na kutoa amri. Na cha tatu ni sehemu yenyewe inayotembea, iwe ni kilango, pazia, paa au sakafu. Huko London, kuanzia mwaka 1961, mjenzi Cedric Price na Joan Littlewood, bibi wa michezo ya kuigiza, walichora jumba la starehe waliloliita Fun Palace, ambalo kuta na sakafu zake zingepangwa upya kwa kreni kila watu walipotaka jambo jingine, na wakamshirikisha Gordon Pask, bingwa wa mitambo inayojiongoza. Jumba hilo halikujengwa kamwe, lakini michoro yake imewafundisha wengi kuliko majumba mengi yaliyosimama. Mwaka 2005, katika mji mdogo wa Ivrea nchini Italia, walimu wa chuo cha usanifu walitoa kibao cha umeme kiitwacho Arduino, ambacho mwanafunzi asiye na maarifa makubwa ya elektroniki angeweza kukiamrisha mwenyewe, na tangu hapo kazi iliyokuwa ya maabara za matajiri imekuwa ya mtu yeyote mwenye kompyuta, nyaya na subira.

Lakini mfano ulio karibu zaidi na nyoyo za wengi kati yenu haupo Ulaya. Wale waliojaaliwa kuhiji na kuzuru Madina wameiona miavuli 250 iliyosimama katika viwanja vya Msikiti wa Mtume, kila mmoja ukiwa na upana wa mita 25 na ushei kwa kila upande, ambayo asubuhi hufunguka yote na jioni hujikunja ikawa kama nguzo nyembamba, ili joto la mchana lisiwachome wenye kuswali na hewa ya usiku ipate kushuka hadi kwenye marumaru. Ndani ya msikiti wenyewe mna makuba 27 yanayoteleza juu ya reli, yakafunguliwa na kufungwa kwa kadiri ya hali ya hewa. Mwenye kuyasanifu hayo, Mjerumani Bodo Rasch, alikuwa mwanafunzi wa Frei Otto, yule mwalimu mkubwa wa mapaa ya turubai. Nimeutanguliza mfano huu kwa sababu unaonyesha jambo ambalo vitabu huliruka: kwamba miavuli ile hufanya kazi kila siku, mwaka baada ya mwaka, na kwamba nyuma ya kila mwavuli wapo watu wenye kazi ya kuutunza, ambao mshahara wao haukatiki.

Ulinganisheni na jumba la Institut du Monde Arabe la Paris, lililofunguliwa mwaka 1987 kando ya mto Seine. Jean Nouvel na wenzake waliufunika ukuta wake wa kusini kwa vidirisha 240 vya chuma vilivyonakshiwa kwa mfano wa mashrabiya, ile mbao ya tundutundu iwekwayo madirishani katika nyumba za Kiarabu, na katika kila kidirisha wakatia matundu yanayopanuka na kubana kama mboni ya jicho, yakiongozwa na vihisi vya mwanga. Ni kazi ya uzuri mkubwa, wala sitaki nionekane mwenye kuidharau. Walakini matundu yale, kwa wingi wa vipuli vyake vidogo, yalianza kukwama moja baada ya moja, na kwa miaka mingi wageni waliokwenda kuutazama ukuta ule ukitembea walikuta umesimama kama kuta nyingine zote, hata ikabidi ufanyiwe matengenezo makubwa. Minara ya Al Bahr iliyokamilika Abu Dhabi mwaka 2012 imelichukua wazo lile lile la mashrabiya, ikavikwa miavuli zaidi ya 1,000 kwa kila mnara, inayofunguka na kufunga ikilifuata jua mchana kutwa. Na huko Ghuba, ambako fedha ya matunzo ipo na jua halina huruma, hikima yake yaonekana.

Nauliza basi: kwa nini sehemu itembeayo ndiyo inayotuangusha, wala si ile ihisiyo? Wengi hujibu kwamba mota hula umeme mwingi, nami nasema jibu hilo si la insafu, kwa maana kuinua mlango wa kilo 100 kwa kimo cha mita moja ni kazi ndogo sana, ambayo betri ya pikipiki yaweza kuifanya mara nyingi bila kuchoka. Tofauti yenyewe iko penginepo. Kihisi kinachopeleka habari kila saa, siku kikifa, hunyamaza, na kunyamaza kwake ni habari tosha: ubao wa matangazo ukikosa namba ya leo, hata mtoto atauliza kulikoni. Mota ya lango la mafuriko, kinyume chake, yaweza kukaa miezi kumi na mmoja bila kuguswa, gia zikashikana kwa kutu, panya wakatafuna waya, mchanga ukajaa relini, na asijue mtu yeyote mpaka usiku ule ule ambao ilitakiwa iamke. Kihisi hufa hadharani. Mota hufa kwa siri. Na katika mji ambao watu wake wamelazimika kuondoka na kurudi mara nyingi, kifaa kinachokufa kwa siri ni hatari kuliko kutokuwa na kifaa, kwa sababu kimewalaza watu usingizi wa matumaini.

Waholanzi, ambao hakuna taifa linalowashinda katika kupigana na maji, wanalijua hilo vema. Lango lao la Maeslant karibu na Rotterdam, lililofunguliwa mwaka 1997, lina mbawa mbili za chuma, kila moja na urefu wa mita 210, na amri ya kulifunga hutolewa na kompyuta bila ya kungoja kauli ya mtu. Tarehe 21 Desemba 2023 lilijifunga lenyewe, kwa mara ya kwanza, kwa sababu ya maji halisi yaliyopanda. Lakini katika miaka yote ile ya kungoja, walilifunga kila mwaka kwa majaribio, mbele ya watu, ili kifo cha siri kisipate nafasi. Hiyo ndiyo bei ya mwendo, na asiyeweza kuilipa asinunue.

Sasa tuje kwetu, na tuanze na jua, maana jua ndilo lililowashughulisha wajenzi wa Paris na Abu Dhabi, na wanafunzi wetu wakiletewa picha za huko hutamani kuziiga kama zilivyo. Uvira iko nyuzi 3 na ushei kusini mwa ikweta. Mara mbili kwa mwaka, katikati ya mwezi wa Machi na mwanzoni mwa Oktoba, jua la adhuhuri husimama utosini kabisa, na katika miezi mingine huelekea kaskazini kidogo au kusini kidogo bila kwenda mbali. Ukuta wa kusini uliovikwa mboni za Paris ungekuwa kwetu pambo tu. Fauka ya hayo, nyuma yetu upande wa magharibi imesimama milima ya Mitumba, mirefu na ya karibu, hata jua la jioni hutuondokea kabla ya saa yake ya machweo, na nyumba za mitaa ya Kasenga na Kimanga hupata kivuli cha bure ambacho watu wa Bujumbura, ng'ambo, wanakikosa. Taabu yetu ni ya asubuhi. Jua hutoka juu ya milima ya Burundi, likapiga ziwa, na ziwa likaurudisha mwanga ule chini kwa chini hadi ndani ya vyumba, ukapita chini ya upenu uliojengwa kuzuia mwanga wa juu. Basi kama pana ukuta mmoja unaostahili kutembea katika mji huu ni ule wa mashariki, na muda wake wa kutembea ni saa tatu au nne za asubuhi. Kwa kazi hiyo sihitaji kompyuta. Mkeka wa matete, unaoviringishwa kwa kamba na kapi, ukashushwa alfajiri na kupandishwa saa nne, watosha. Na kihisi chake ni mtoto wa nyumba ambaye mwanga umemwamsha. Sisemi hivi kwa mzaha: ujenzi wenye mwendo ni pamoja na huo, na mwanafunzi asiyeujua mkeka hatausanifu vizuri mwavuli.

Maji ndiyo yanayotaka elimu mpya. Na hapa yabidi kutofautisha, kwa maana sisi tuna maji ya namna mbili ambayo tabia zao hazifanani hata kidogo. Yapo maji ya mito inayoukata mji, Mulongwe, Kalimabenge na Kavimvira, ambayo hushuka kutoka milimani kwa mteremko mkali, na yakija huja kwa ghafula, yamebeba udongo, miti na mawe. Hakuna asiyeukumbuka usiku wa kuamkia tarehe 17 Aprili 2020, Mulongwe ulipovunja kingo zake, ukaua watu zaidi ya 40, ukaharibu nyumba kwa maelfu na kuwaacha makumi ya maelfu bila makao. Na yapo maji ya ziwa, ambayo hayana haraka: hupanda kwa vidole, wiki kwa wiki, mvua kwa mvua, na mtu aweza kuyatazama yakimjia uani kwa miezi mitatu asijue aamue lini kuhama.

Kuhusu ziwa, niruhusuni nirudi nyuma kidogo katika tarehe, kwa kuwa wageni wamelikosea sana na wenyeji hawakulikosea. Mwaka 1858 wasafiri wa Kiingereza Burton na Speke walifika hapa Uvira wakitumaini kwamba mto Ruzizi hutoka ziwani ukaenda kuwa Nili. Wenyeji wakawaambia kwamba mto huo huingia, wala hautoki, na miaka 13 baadaye Livingstone na Stanley wakaenda mdomoni mwake kwa mtumbwi wakakuta ni kama wenyeji walivyosema. Mlango wa kutokea uko kwingine, upande wa magharibi, nao ni Lukuga. Cameron alipoufikia mwaka 1874 aliutaja kuwa ndio mlango. Stanley alipokuja mwaka 1876 akaukuta umezibwa na mafunjo na matope, ziwa likijaa nyuma yake. Kisha maji yakalemea, kizuizi kikavunjika, na Edward Hore mwaka 1879 aliyaona yakitoka kwa kasi kubwa. Katika miaka iliyofuata ziwa likashuka mita nyingi. Kwa hiyo ziwa hili lote, lenye kilometa za mraba karibu 32,900, lina mlango mmoja uliofunguliwa na uzito wa maji yenyewe, na hata huo hautoi ila sehemu ndogo. Sehemu kubwa kabisa ya maji yake huondoka kwa mvuke. Ndiyo sababu likijaa halitoki upesi. Kwa kawaida uso wake huwa mnamo mita 774 juu ya bahari. Mwaka 1964, baada ya mvua kubwa za miaka ile, ulikaribia mita 777, na mwaka 2024 ukafika huko tena, barabara ya Gatumba, upande wa Burundi, ikafunikwa, na watu wakapita kwa mitumbwi walikokuwa wakipita kwa baiskeli. Mita moja ya kupanda ni kilometa za ujazo karibu 33 za maji. Hakuna lango la chuma litakaloyazuia hayo mbele ya mji wetu, na ahadi ya namna hiyo ikiletwa kwenu na yeyote, iulizeni hesabu yake.

Yawezekanayo ni kulipima ziwa kila siku, na kulipima kwa uaminifu, na hapa ndipo kibao kile cha Ivrea kinapopata kazi. Chukueni bomba pana la plastiki, lisimamishwe kwenye gati la Kalundu, mdomo wake wa chini ukiwa ndani ya maji na umezibwa isipokuwa tundu dogo, ili mawimbi ya nje yasiutikise uso wa maji ya ndani. Juu ya bomba hufungwa kihisi cha sauti, ambacho hupiga mlio wa mitikisiko 40,000 kwa sekunde, usiosikika kwa sikio la mwanadamu, kikangojea mwangwi wake urudi kutoka majini. Maji yakiwa mita 4 chini yake, sauti itakwenda na kurudi katika sehemu 23 hivi za elfu ya sekunde. Kompyuta ikiujua muda huo huujua umbali. Ni jambo jepesi, na kwa wepesi wake huwadanganya wengi, kwa sababu mwendo wa sauti hewani hubadilika pamoja na joto. Hewa ikiwa na nyuzi 10 zaidi ya ile uliyoitia katika hesabu, jibu litapotoka kwa sentimita 7 katika mita zile 4, na kosa hilo ni kubwa kuliko kiasi ambacho ziwa hupanda kwa wiki nzima. Kipimo kisicho na kipimajoto ubavuni mwake kitatangaza kila adhuhuri kwamba ziwa limepanda na kila usiku kwamba limeshuka, na watu wa mtaa, wanaoliona ziwa kwa macho yao, watakiona ni kiongo na hawatakisikiliza tena. Kuna na buibui. Mdudu huyu hupenda mabomba yenye kivuli, na utando wake mmoja uliopitana mbele ya kihisi hurudisha mwangwi kabla ya maji. Dawa yake si programu, ni ufagio na mtu wa kupanda ngazi.

Tukishalijua ziwa, ni jengo gani litembee? Nyumba ya kulala isijengwe pale ziwa linapofika, na hilo nalisema bila kupamba. Lakini yapo majengo ambayo hayawezi kukaa mbali na maji: mabanda ya kupokelea ndagala na mikeke, vichanja vya kuanikia, maghala madogo ya bandari, ofisi za ushuru wa vyombo. Hayo ndiyo yanayostahili kuwa na mwendo, na mwendo wenyewe ni wa taratibu kama ziwa. Mwaka 1858, katika mji wa Chicago uliokuwa umezama katika matope yake, wahandisi waliliinua jengo zima la matofali lenye orofa nne kwa jeki 200 za mkono, watu wakizizungusha pamoja kwa ishara, wakalipandisha karibu mita 2 bila kulipasua. Na baada ya hilo mitaa mizima ikainuliwa. Ikiwa matofali ya orofa nne yaliwezekana, banda la mbao na mabati lililosimama juu ya nguzo zenye matundu ya pini ni kazi ya asubuhi moja kwa mafundi wanne. Namba ya ziwa ikifika alama fulani, banda hupandishwa tundu moja, ikishuka, hushushwa. Mota haimo. Mtu aweza kusema, kwa nini lisielee? Laweza, na Waholanzi huko Maasbommel tangu mwaka 2005 wana nyumba zinazoinuka zenyewe juu ya milingoti maji yakipanda. Lakini ile shule ya kuelea ya Makoko, Lagos, aliyoijenga Kunlé Adeyemi mwaka 2013 ikasifiwa dunia nzima, ilianguka mwaka 2016 baada ya mvua kubwa, na ziwa letu likichafuka kwa upepo wa kusi lina mawimbi ambayo wenye mitumbwi hawayachezei. Mimi ningeanza na jeki.

Kuna kiungo kimoja kinachotembea ambacho nakiamini bila masharti mengi, nacho ni boya. Tazameni ndani ya tangi la maji: boya limefungwa kwenye mkono wa shaba, maji yakipanda, boya hupanda, mkono ukafunga bomba, maji yakipungua, hushuka, bomba likafunguka. Kihisi, kompyuta na mota vyote vimekuwa kitu kimoja, na umeme hautakiwi. Wana wa Musa, wale ndugu watatu wa Baghdad wa karne ya 9, walijaza kitabu chao cha hila kwa mitambo ya namna hiyo, na Al-Jazari, aliyekamilisha kitabu chake mwaka 1206, aliiendeleza kwa ustadi ambao mafundi wa leo wakiusoma hutikisa vichwa. Kwa kanuni hiyo hiyo hutengenezwa milango ya kuzuia mafuriko iliyolazwa katika mfereji chini ya kizingiti, ambayo maji yakiingia mferejini huinuliwa na maji yenyewe, ikasimama mbele yake. Ghala la dawa au la unga karibu na ufuko laweza kuwekewa mlango wa jinsi hiyo, na wachomeleaji wetu wanaoweza kuunga fremu ya lori wanaweza kuuunga. Sharti lake ni kwamba mfereji uzolewe mchanga na taka. Kwa hiyo usitiwe kamwe njiani mwa Mulongwe, ambao katika saa yake ya ghadhabu huujaza mfereji kwa tope kabla boya halijaanza kuelea.

Kwa mto, basi, jengo halina la kufanya ila mawili: kutokuwepo njiani, na kuwafungulia watu. Habari za mto zianze kuchukuliwa juu, mvua inyeshapo, maana ukingoja kuyaona maji mjini umekwisha chelewa. Kipimo cha mvua kinachotumiwa na watu wa hali ya hewa ni kitu kizuri cha kutazama: vibakuli viwili vidogo vimewekwa mgongo kwa mgongo juu ya mhimili, mvua hukijaza kimoja, kikalemea na kujimwaga, cha pili kikachukua nafasi yake, na kila kupinduka sumaku ndogo hupita mbele ya swichi na kuhesabu. Ikiwa kila kupinduka ni sehemu 2 za kumi za milimita, mvua ya milimita 50 kwa saa moja itavipindua mara 250, na kompyuta iliyoamriwa kuhesabu itajua, mji ukiwa bado umelala, kwamba milimani kuna jambo. Ujumbe hupelekwa kwa kadi ya simu au kwa redio. Na chini kuna king'ora. King'ora hicho nacho ni katika vitu vinavyokufa kwa siri, kwa hiyo kipigwe kwa zoezi siku moja maalumu ya kila mwezi, adhuhuri, kama walivyofanya Waholanzi kwa miaka mingi Jumatatu ya kwanza ya mwezi.

Na jengo la kimbilio, shule au kanisa au msikiti ulio mahali pa juu, milango yake ifungwe kwa kufuli ya sumaku, ambayo hushika maadamu kuna umeme na huachia mara umeme ukikatika. Wanaosanifu mitambo hujisumbua sana kuhakikisha kwamba kitu hakitaharibika. Bora kujisumbua kukifanya kikiharibika kiharibike upande wa usalama. Mlango huo ukifunguka bure usiku usio na mafuriko, hasara yake ni mlinzi kuamshwa.

Wapo watakaoniambia kwamba kihisi cha milimani kitaibwa kabla ya mvua ya pili. Kitaibwa, kikiachwa peke yake juu ya kilima na uzio wa seng'enge unaotangaza kuwa ndani mna mali. Kiwekwe uani mwa shule au zahanati, mahali penye watu, na mwalimu na wanafunzi wake wawe wanaandika kila asubuhi, kwa kalamu, kiasi cha maji kilichokusanyika katika chupa iliyowekwa kando yake, ili maandishi ya mkono yasahihishe ya mashine na ya mashine yasahihishe ya mkono. Kituo cha utafiti wa ziwa kilichopo mjini humu kimekuwa kikifanya kazi ya kupima tangu zama za Wabelgiji, na vijana wenu wasingoje wageni kuwafundisha maana ya daftari lililojazwa bila kuruka siku.

Kuhusu vifaa sina wasiwasi mkubwa. Mafundi simu wa sokoni, wanaofungua simu kwa bisibisi ndogo na kuunga waya mwembamba kama unywele mbele ya mteja mwenye haraka, wana mkono unaotakiwa na kazi hii kuliko wahitimu wengi. Wakipewa programu na kuonyeshwa michoro, vibao vya vihisi vitatengenezwa hapa hapa, na kikiharibika kimoja hakitangoja ndege. Ombi langu kwa wakuu wa mji na wazee wa mitaa ni dogo. Kabla ya kununua chochote, wakutane waandike ni nani atakayepanda ngazi pale Kalundu kila Jumamosi kufagia buibui, ni nani atakayeandika namba ya ziwa kwenye ubao wa sokoni, ni nani atakayeshika ufunguo wa king'ora, na mshahara wa watatu hao utatoka katika ushuru gani. Bomba la kwanza laweza kusimamishwa kabla ya mvua za Septemba, ikiwa majina hayo yatapatikana.